Nyota Nyekundu

Ngwali alikuja na boti ya asubuhi kutoka Unguja
na vishikwambi kumi na viwili ndani ya boksi la tende.
Siku mbili akatufundisha, skuli ya Micheweni,
kwa chai ya maziwa na mandazi ya posho.
Akatwambia: madaftari basi,
panya hawatakula tena majina ya watu,
kila kitu kitakaa kwenye wingu.
Tukacheka sie wauguzi wa Shumba.
Mawingu tunayo. Ni mvua ya vuli ndiyo inayotupiga chenga.

Sikatai. Mimi nilikuwa wa kwanza kukipenda.
Presha ya Bikombo ilipopanda usiku
namba ziligeuka nyekundu kwenye kioo,
Wete wakaziona kabla sijanyanyua simu,
na gari likafika mumewe bado anatafuta kiatu cha pili.
Pacha wake sasa wanakimbiza kuku wangu.
Hilo nitalisema popote, hata mbele ya waziri.

Lakini pale penye jina la mtoto
palikuwa na nyota ndogo nyekundu,
na penye nyota hapapitiki mpaka ujaze.

Kwetu jina halina haraka.
Mtoto hukaa siku saba anaangaliwa tu,
chumba kinafukizwa udi, wakubwa wanavutana,
huyu anataka la babu, yule kaota,
hadi nywele zinyolewe na mbuzi achinjwe.
Aliyeutengeneza mfumo sijui ni wa wapi.
Labda kwao watoto huzaliwa na majina mfukoni.

Mwana wa Mkasi Faki alikuja Jumatatu, alfajiri,
kilo mbili na robo.
Nikaigonga nyota. Nikaandika: Mtoto.
Kikakubali. Kikaniandikia Hongera.

Alkhamisi wakamzika.

Wiki ya sita simu ya Mkasi ikalia:
Mama Mtoto, mwanao amefikia chanjo. Usichelewe.
Kesho yake tena. Na kesho yake.
Akaja nayo kituoni, kaifunga kwenye pindo la kanga
kama aliyebeba fedha za watu,
akaifungua juu ya meza yangu.
"Mwambieni," akasema, "huyo anayetuma."

Nikatafuta pa kumwondoa.
Amehama? Kosa la uandishi? Amefariki?
Nikabonyeza la tatu. Kikaniuliza namba ya cheti.
Cheti kiko Wilayani, na Wilayani wanataka jina.
Nikampigia Ngwali. Ndiyo sera, Bi Raya, akasema,
taarifa za mtoto hazifutwi na mtu mmoja,
zinataka saini tatu, na ya mwisho iko Unguja.
Na sera ni nzuri, nimeisoma,
ukurasa wa kwanza imeandikwa: asiachwe hata mmoja.

Mkasi alikuwa akikitazama kioo.
"Kwani humo bado yumo?"
Yumo, nikamwambia.
"Ana umri gani?"
Wiki sita na siku tatu.
Akavuta kiti.
Foleni ikakohoa makusudi.
Mimi nikajifanya nahesabu sindano.
"Na uzito?"
Ule ule, nikasema. Kilo mbili na robo.

Aliposimama alisema, msimfute.
Mie maneno tu yasinijie.

Hilo kishikwambi hakilijui, kunyamaza bila ya kufuta.
Basi nikaitoa namba ya Mkasi, nikatia yangu.
Najua ni kosa. Nilitia saini kwamba sitafanya hivyo,
na mkaguzi akija nitamwambia mwenyewe.

Juzi nakuna nazi, simu ikatetemeka pembeni ya mbuzi:
Mama Mtoto, miezi tisa, chanjo ya surua.
Mikono yote miwili imejaa machicha.
Naam, nikasema kwa sauti, peke yangu jikoni,
naam, nimesikia.
Kisha nikaendelea. Nazi ilikuwa haijafika nusu.